Injini ya turbo uliyoiongezea nguvu ikianza kulalamika: dalili, vyanzo, na kifaa gani kibadilishwe

Turbo, ile pampu ya hewa inayozungushwa na moshi wa ekzosi, ndiyo inayosingiziwa kila mara. Gari likitoa moshi, turbo. Likikosa nguvu, turbo. Likipiga kelele, turbo. Mimi mwenyewe niliwahi kuitupa turbo isiyo na kosa kwa sababu ya hozi moja iliyokaa vibaya. Kisa hicho nitakieleza tukifika kwenye moshi wa bluu.

Mwongozo huu ni wa gari la kutembelea barabarani, liwe lilitoka kiwandani na turbo au lilifungiwa baadaye, ambalo mwenyewe ameshaanza kulibadilishia vifaa au anapanga kununua. Nimeupanga kwa dalili. Chini ya kila dalili, chanzo kinachokutwa mara nyingi kimetangulia, na ukaguzi usiohitaji kufungua kitu umetangulia pia. Fuata mpangilio huo hata kama moyo unakuvuta kwenye kifaa kipya. Injini hii inataka hewa, petroli, moto wa plagi, upoozaji na chuma kinachohimili. Ukiongeza kimoja, udhaifu hauishi, unahamia kwa kinachofuata, na dalili ndiyo inayokuonyesha umehamia wapi.

Geji tatu zinunuliwe kabla ya kifaa kingine chochote: ya presha ya turbo, ambayo wengi wetu tunaiita busti, ya presha ya oili, na ya uwiano wa hewa na petroli. Hiyo ya tatu iwe na sensa inayosoma namba kamili, kwa maana sensa za kiwandani za magari mengi ya zamani zinajua tu kwamba petroli imezidi au imepungua, basi. Na majaribio ya kukanyaga mafuta mpaka mwisho yafanyike kwenye daino (mashine ya kupimia nguvu ya gari likiwa mahali pamoja) au uwanja uliofungwa. Huwezi kusoma geji na barabara kwa wakati mmoja.

## Busti haifiki kiwango

Ulikuwa unapata baa 1, sasa sindano inagota 0.7. Pengine kuna mluzi mpya ukikanyaga mafuta, au sauti ya "ssss" kama mtu anayevuta hewa kwenye meno. Gari linalopima hewa kwa sensa iliyo kabla ya turbo linaweza pia kutoa moshi mweusi: hewa imeshahesabiwa, ikavuja njiani, lakini petroli imetolewa kwa hesabu ileile.

Anza na hozi na klampu. Hiki ndicho chanzo cha kwanza, cha pili na karibu cha tatu. Shika kila kiungo kuanzia turbo hadi intakula (kipoozi cha hewa) hadi throto (mlango wa hewa wa injini), ukizungushe kwa mkono injini ikiwa baridi. Kinachozunguka hakijakazwa. Kisha ziba mdomo wa kuingizia hewa kwenye turbo kwa kizibo chenye valvu ya tairi, ingiza hewa ya kompresa polepole, usizidishe busti unayotumia, na upake maji ya sabuni kwenye viungo. Utaona: kwenye kiungo kizima sabuni inateleza na kukauka, kwenye kiungo kibovu povu linafura taratibu pembeni mwa klampu, linapasuka, linafura tena palepale. Usisimame mbele ya kizibo, kinaweza kuchomoka kama risasi. Na kama unasikia hewa inaingia tumboni mwa injini, fungua kifuniko cha oili kwanza, la sivyo utasukuma sili za kranki.

Hapa ndipo kifaa cha kwanza cha kununua kinapojulikana, nacho ni cha kuchosha: hozi za silikoni zenye tabaka kadhaa, klampu za bolti badala ya zile za kukaza kwa bisibisi, na mabomba ambayo midomo yake ina ukingo uliotuna ili hozi isichomoke. Hakuna atakayekusifia kwa klampu, lakini ndizo zinazoshika busti.

Hozi zikiwa salama, kagua kwa utaratibu huu:

- Valvu ya kupumulia, inayotoa busti unapoachia mafuta. Zile za kiwandani za plastiki zina utando wa mpira ndani, na utando ukichanika busti inarudi ilikotoka.
- Uvujaji wa moshi kabla ya turbo. Tazama masizi meusi kwenye gasketi ya manifoldi, sikiliza mlio wa "tiki tiki" asubuhi ambao hupungua chuma kikipata moto na kutanuka.
- Westigeti, ule mlango mdogo unaopitisha moshi kando ya feni. Ufito wake ukiwa mlegevu mlango haufungi sawasawa.
- Ekzosi iliyoziba, hasa katalisti iliyoyeyuka ndani.

Turbo yenyewe ndiyo ya mwisho. Toa bomba la hewa, shika ncha ya shafti. Ikitikisika kidogo pembeni usiogope. Turbo ya beringi za kawaida huelea juu ya oili na mchezo huo mdogo ni wake. Ikienda mbele na nyuma kwa kiasi unachokihisi kidoleni, au mapezi ya feni yamekwaruza nyumba yake, hiyo imekwisha. Usiwashe tena, kwa sababu feni inayozunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika ikivunjika, vipande vya upande wa baridi huelekea kwenye injini.

Neno kwa wenye injini za RB26DETT (Nissan) na 2JZ-GTE (Toyota) za soko la Japani: feni za upande wa moto kwenye turbo za asili ni za kauri. Ukipandisha busti kupita baa 1 kwa turbo hizo unacheza bahati nasibu. 2JZ-GTE zilizouzwa nje zina feni za chuma, na pia injekta (vinyunyizio vya petroli) za cc 550 kwa dakika badala ya 440, kwa hiyo jua kwanza unayo ipi kabla ya kunakili orodha ya vifaa ya mtu mwingine.

## Busti inapita kiwango

Tofautisha mambo mawili. Ikiruka juu ghafla kisha ikashuka, tatizo liko kwenye udhibiti: hozi ndogo ya kwenda westigeti imechomoka au ni ndefu mno, solenoidi imeunganishwa kinyume, au mpangilio wa kidhibiti cha busti ni mkali. Ikipanda polepole kadiri mzunguko wa injini unavyoongezeka, ingawa kidhibiti umekizima, basi westigeti imeshindwa kupitisha moshi wote. Hili hutokea sana baada ya kufunga ekzosi pana kwenye turbo yenye westigeti ndogo ya ndani. Dawa ni kupanua tundu lake, kazi ya fundi wa mashine, au kuhamia westigeti ya nje iliyochomelewa mahali ambapo moshi unaifikia bila kukata kona kali.

Springi ya westigeti ndiyo inayoamua busti ya chini kabisa. Umenunua yenye springi ya baa 1 na unataka 0.7? Hakuna kidhibiti kitakachokupa. Badilisha springi.

Simama hapa: busti ikipita kiwango alichokipanga fundi wa kutuni (anayepanga kompyuta ya injini), achia mafuta na usijaribu tena "mara moja tu nione". Hesabu yote ya petroli na moto wa plagi ilifanywa kwa kiwango kile.

## Injini inamisi au inakatakata ikibeba mzigo tu

Sailensi yake (injini ikinguruma bila kukanyagwa) safi, ukienda taratibu haina neno, ukikanyaga inakatakata kama imewekwa mkono mdomoni. Kwenye injini iliyoongezewa busti, tuhumu plagi. Hewa iliyobanwa zaidi inafanya cheche ipate shida kuruka. Plagi nyingi huja na mwanya wa mm 0.8 hadi 1.1, kwa busti iliyopanda, mwanya wa mm 0.6 hadi 0.7 ndio wengi wanaoishia nao. Pima kwa fila geji, usiamini maandishi ya kwenye boksi. Ukiongeza nguvu kwa kiasi kikubwa, hamia plagi ya baridi (inayoondoa joto haraka) kwa hatua moja.

Plagi zikiwa sawa, hamisha koili ya silinda inayomisi kwenda silinda nyingine. Tatizo likihama nayo, umeshapata. Baada ya hapo angalia waya wa umeme wa koili na ardhi yake, kisha injekta.

Na injini ya Nissan SR20DET ikianza kumisi ghafla baada ya kuzungushwa sana, fungua kifuniko cha valvu kabla ya kununua koili. Roka (vidole vinavyosukuma valvu) za injini hiyo zina sifa ya kuchomoka mahali pake.

## Injini inanoki

Noki ni petroli kulipuka yenyewe ndani ya silinda badala ya kuungua kwa utaratibu. Sauti yake ni kama kokoto ndani ya kopo la bati, ikisikika unapokanyaga mafuta kwenye mzunguko wa chini au wa kati. Mara nyingi huisikii kabisa. Unaiona kwenye rekodi ya kompyuta ya injini inayorudisha nyuma wakati wa cheche. Hii ndiyo dalili inayovunja injini nyingi kuliko zote nilizozitaja, kwa hiyo tutakaa hapa.

Chanzo cha kawaida ni petroli yenye okteni (uwezo wa kuhimili noki) ndogo kuliko ile iliyotumika wakati wa kutuni. Gari lililotuniwa kwa okteni 98 halijui kwamba leo umejaza 91. Hapa hakuna kifaa cha kununua: punguza busti au rudi kwenye petroli ile.

Cha pili ni joto la hewa inayoingia. Soma joto hilo kwenye skana, endesha, soma tena. Likipanda sana kila unaporudia, intakula imezidiwa au imefichwa nyuma ya kitu. Intakula kubwa si jibu la kila gari. Pima presha kabla na baada yake: ikiwa inakula busti nyingi njiani, turbo italazimika kufanya kazi zaidi kufidia, na joto utakaloondoa mlangoni litarudi dirishani.

Cha tatu, petroli haitoshi, na hapa ndipo wanunuzi wanapochanganyikiwa kati ya pampu, regyuleta (kidhibiti cha presha ya petroli) na injekta. Kwenye petroli ya kawaida uwiano kamili ni hewa 14.7 kwa petroli 1. Injini ikiwa kwenye busti, wengi hutuni kati ya 11 na 12. Ikiwa geji yako inaanza vizuri 11.5 kisha inapanda kuelekea 13 mwisho wa mzunguko, achia mafuta papo hapo. Kisha soma presha ya petroli. Mfumo wa kawaida wa injekta za kwenye manifoldi wenye regyuleta inayofuata busti, ukiwa na msingi wa baa 3, unapaswa kufika baa 4 kwenye busti ya baa 1. Presha ikishuka, ni pampu, filta au waya mwembamba unaoipelekea pampu umeme. Waya uangalie kwanza. Nimeona pampu mpya mbili zikibadilishwa kwenye gari moja wakati umeme unaofika ulikuwa volti 10 na kidogo.

Presha ikiwa sawa lakini petroli bado pungufu, injekta ndizo ndogo. Hesabu ya haraka: kila nguvu farasi 1 ya injini ya turbo inahitaji kama cc 6.3 za petroli kwa dakika. Unataka 300 kwa silinda 4? Ni cc 1,890, gawanya kwa 4, unapata 472. Injekta isifanye kazi zaidi ya asilimia 80 ya muda wake, kwa hiyo gawanya kwa 0.8: cc 590. Nunua karibu na namba hiyo. Anayechukua cc 1,000 "za baadaye" bila data zake kamili huishia na sailensi inayotetemeka. Kama unahamia E85 (mafuta yenye ethanoli nyingi) hesabu inabadilika, maana inataka ujazo mkubwa zaidi, karibu theluthi moja juu.

Chanzo cha mwisho ni kutuni kwenyewe, na pia oili inayovutwa kwenye hewa kupitia njia ya upumuaji wa injini, kwani oili hushusha okteni. Kopo la kukamata oili ni kifaa rahisi chenye faida kubwa hapa.

Simama hapa: noki ikiendelea baada ya kupunguza busti na kubadilisha petroli, gari lisikanyagwe tena mpaka fundi wa kutuni aone rekodi. Pistoni za asili hazivumilii. Zile za injini za Subaru EJ25 za turbo, kwa mfano, zinajulikana kwa kupasuka kingo zinazoshika ringi. Na kama injini yako inapuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda, usifungue mabomba ya presha kubwa mwenyewe. Presha iliyomo inapita baa 100 kwa mbali, na inatoboa ngozi.

## Moshi wa bluu

Sasa kisa changu. Nilifunga turbo mpya, gari likatoa moshi wa bluu kila likisimama kwenye sailensi dakika mbili. Nikasema turbo feki, nikanunua nyingine. Moshi uleule. Siku ya tatu nililala chini ya gari na tochi, nikafuata hozi ya kurudisha oili kutoka turbo hadi sampu (bakuli la oili chini ya injini). Ilikuwa na tumbo: ilishuka, ikalala chini ya sampu kidogo, kisha ikapanda tena kuingia. Oili hairudi kwa kusukumwa, inarudi kwa kudondoka, na ilikuwa inajaa kwenye lile tumbo mpaka inapanda kwenye turbo na kupita sili. Sili za turbo si za mpira kama za kranki. Ni ringi za chuma zinazotegemea oili itoke haraka. Nilikata hozi sentimita chache. Moshi ukaisha.

Kwa hiyo hozi ya kurudisha kwanza: pana, fupi, inayoshuka bila kupumzika, isiinamie zaidi ya nyuzi 35 kutoka wima, na iingie sampu juu ya usawa wa oili. Pili, oili iliyojazwa kupita alama. Tatu, presha ndani ya tumbo la injini: fungua kifuniko cha oili injini ikiwa sailensi, ukiona hewa inapuliza kwa nguvu, njia ya upumuaji imeziba au ringi zimechoka. Nne, oili nyingi mno inaingia. Turbo ya beringi za mipira huhitaji kipunguzio kwenye bomba la kuingiza, cha tundu la mm 1 hivi. Ya beringi za kawaida mara nyingi haihitaji, na ukiiwekea utaikausha.

Pima kompresheni kabla ya kulaumu turbo. Silinda zisipishane zaidi ya asilimia 10 hadi 15. Moshi unaotoka asubuhi tu wakati wa kuwasha huwa ni sili za valvu.

## Kulanti inarudishwa kwenye chupa

Ikitokea kwenye busti tu, na sailensi haina neno, hedi inanyanyuka. Lakini kwanza badilisha kifuniko cha rejeta na utoe hewa iliyobaki kwenye mfumo, injini ikiwa baridi kabisa; kifuniko cha moto kinaunguza uso. Kisha tumia kile kimiminika cha kupimia gesi kwenye rejeta: kikitoka bluu kuwa njano, gesi ya silinda inaingia.

Vifaa ni stadi (fito za kubania) imara za hedi na gasketi ya tabaka za chuma. Gasketi hiyo haisamehi uso mbaya. Bloku na hedi zote ziwe zimesawazishwa na kulainishwa, la sivyo utafungua tena. Bolti za asili zinazotanuka hazirudiwi. Na stadi zikazwe kwa kilainishi na namba alichoandika mtengenezaji wake, kwa sababu namba hiyohiyo kwa oili ya kawaida inatoa mkazo tofauti.

## Turbo inachelewa, au inasema "tu-tu-tu"

Ukiachia mafuta na kusikia "tu-tu-tu", valvu ya kupumulia haifunguki vya kutosha. Springi yake ni ngumu. Ukiisikia ukiwa umekanyaga, kwenye mzunguko wa chini, turbo ni kubwa kuliko hewa ambayo injini inaweza kumeza. Punguza busti ya mzunguko huo kwenye kompyuta. Isipotosha, ulinunua turbo ya namba za daino, na gari la foleni linataka ndogo.

## Klachi inateleza

Gia ya juu, mzunguko wa kati, kanyaga: mzunguko ukipanda na mwendo haupandi, ni klachi. Kabla ya kununua nzito, hakikisha oili ya sili ya nyuma haijaifikia. Chagua kwa toki ya injini, si kwa nguvu farasi.

## Chuma kinagonga

Ikiwa umefunga pistoni za kufuliwa (forged) na zinagonga asubuhi, uliza ni aloi gani. Za 2618 zina silikoni kidogo, zinatanuka zaidi, hivyo hufungwa na nafasi kubwa na hupiga kelele zikiwa baridi. Za 4032 zina silikoni nyingi na hukaa kimya zaidi. Kwa gari la kila siku lenye busti ya wastani mimi huchagua hizo. Kelele ya pistoni hupungua injini ikipata moto.

Ile inayoongezeka na moto, nzito, inayofuata mzunguko, ni beringi za konrodi (mkono unaounganisha pistoni na kranki). Zima papo hapo. Gari livutwe, lisiendeshwe hata mtaa mmoja. Fundi atachomoa waya wa injekta moja moja kwa sekunde chache; silinda ambayo kelele inapungua ndiyo yenye ugonjwa. Kisha toa filta ya oili, ikate, ukunjue karatasi yake juani. Vumbi la fedha kidogo kwenye injini mpya ni la kawaida. Chembe za rangi ya shaba zinamaanisha beringi imelika hadi tabaka la ndani, na kranki itabidi itolewe.